Viti Sita vya Marehemu



Twamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha tena katika ukurasa huu, na twamwombea rehema na amani Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, juma hili twataka kuzungumza nanyi juu ya viti.

Msomaji asitucheke mapema. Viti vyenyewe ni sita, vya kulia chakula, vya ngozi na chuma, vilivyotengenezwa Italia yapata miaka sitini iliyopita. Leo vimo katika nyumba ya kupanga huko Mwiki, pale mpakani mwa Kasarani na Ruiru, mbali na bahari na mbali zaidi na huko vilikotoka. Vimetufunza jambo ambalo tulidhani twalijua, na ambalo twalisomesha watu kila mwaka. Na kwa kuwa kosa lilikuwa letu, ni haki tulieleze wenyewe.

Mwaka jana alifariki mzee mmoja wa Malindi, aliyekuwa sahibu wa mwalimu wetu. Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Kama ilivyo desturi, arubaini ilipopita tuliitwa tusimamie mirathi. Tuliketi mkekani, tukauliza madeni, yakatajwa na kulipwa. Tukauliza wasia, ukatajwa na kutimizwa. Kisha tukaandika mali iliyobaki. Tuliandika shamba la minazi, nyumba, akiba ya benki na mashua. Tukagawa, watu wakaridhia, tukasoma Fatiha, daftari likafungwa. Hatukuandika kitanda, hatukuandika kabati, hatukuandika kiti hata kimoja. Hakuna aliyetutajia, na sisi hatukuuliza.

Eda ilipokwisha, mjane alihamia Mwiki kwa mwanawe mkubwa ili apate wa kumtazama. Vyombo vya nyumba vikapakiwa katika lori, na viti sita vikiwamo.

Miezi minane baadaye binti wa marehemu, ambaye ameolewa Mombasa, alitupigia simu. Maneno yake yalikuwa machache. “Ustadh, kaka anauza viti vya baba. Nilipomuuliza, ameniambia viti ni vyombo vya nyumba, si mirathi, na kwamba mirathi imekwisha kugawanywa na wewe mwenyewe. Je, ni kweli umesema hivyo?”

Hatukuwa na jibu la haraka. Kusema hatukusema hivyo, ni kweli. Lakini kutosema kwetu ndiko kulikomfanya kaka yake aamini hivyo. Tulimwomba amwambie nduguye asubiri siku tatu, tukapanda garimoshi kwenda Nairobi.

Asiyeijua Mwiki na aelewe kwamba ni mji wa watu waliotoka kwingi. Ukitokea Kasarani, barabara imepakana pande zote mbili na maghorofa ya kupanga, na chini yake wamejaa mafundi. Hapa wanachomelea mageti na madirisha, pale wamepanga makochi mapya yaliyofunikwa nailoni, na vumbi linayaangukia makochi na wapitao bila kubagua. Upande wa Ruiru kuna viwanda vya chuma, na ukiendelea na barabara hadi Thika kuna viwanda vya kutengeneza ngozi. Chuma na ngozi, basi, si wageni katika nchi ile. Tuliposikia adhana ya alasiri katikati ya kelele za mashine za kukatia vyuma, tulijua tumefika, kwani tulikuwa tumeambiwa nyumba iko nyuma ya msikiti.

Viti tulivikuta vimezunguka meza ya mbao katika chumba kidogo. Miguu yake ni mabomba membamba ya chuma yaliyopakwa kromi, na bomba hilohilo linapanda nyuma na kuwa mhimili wa mgongo. Kalio na mgongo ni vipande vya ngozi nene ya rangi ya kahawia, vilivyowambwa kati ya mabomba na kushonwa kwa mkono kwa uzi mnene uliotiwa nta. Hakuna sponji wala mbao ndani yake. Ngozi yenyewe ndiyo imbebayo mtu. Chini, karibu na kiungo cha mguu, pana maneno ya Kitaliano yaliyopigwa muhuri katika chuma. Kando ya maneno hayo chuma kimetobokatoboka kwa kutu, nayo ni alama ya chumvi ya bahari yetu ya Malindi. Kimoja kilikuwa kimevunjika mguu njiani.

Vilifikaje Malindi? Mjane alitusimulia, na masimulizi yake yanaafikiana na yale tuyajuayo ya zama zile. Miaka ya 1960 Waitaliano waliweka majukwaa yao baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ili kurushia setilaiti. Mwezi wa Aprili 1967 walirusha San Marco 2 kutoka hapo. Tarehe 12 Disemba 1970 ikarushwa setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Wahandisi walikuja na ahali zao, na ahali zikaja na samani zao. Marehemu alikuwa mpishi katika nyumba mojawapo. Bwana yule aliporejea kwao, alimuuzia mpishi wake viti sita, na bei ikakatwa katika mshahara miezi mitano. “Miezi ile mitano,” akasema mjane, “tulikula muhogo na dagaa, lakini tulikula tumekaa vitini.”

Vilikuwa sita na watu wa nyumba walikuwa watano. Cha sita kikawa cha mgeni. Wengi wetu wa Malindi tumewahi kukikalia.

Tuseme kidogo juu ya asili ya samani za namna hii, ili msomaji ajue ni kitu gani kilichokuwa kikitaka kuuzwa. Kukunja bomba la chuma na kulifanya kiti kulianzia Ujerumani. Marcel Breuer alikuwa akilifanya jambo hilo mwaka 1925, na husimuliwa kwamba wazo alilipata kwa kutazama usukani wa baiskeli yake. Waitaliano walilipokea, na baada ya Vita Vikuu vya Pili, nchi yao ilipokuwa ikijijenga upya, wakalifanya kuwa lao. Kaskazini mwa Milano, katika eneo la Brianza, zilikuwako karakana nyingi ndogo za kifamilia, baba na wanawe, zenye ustadi wa mti, chuma na ngozi. Wasanifu wa mjini wakawaletea michoro, mafundi wakaitia uhai. Mwaka 1957 msanifu Gio Ponti alitoa kiti cha mti chenye uzito wa kilo 1.7 tu, ambacho mtoto aweza kukiinua kwa kidole. Mwaka 1961 Milano ilianzisha maonyesho yake makubwa ya samani. Mwaka 1977 Mario Bellini alitoa kiti ambacho mifupa yake ni chuma, na ngozi imevishwa juu yake mfano wa mtu avaavyo kanzu, kisha ikafungwa kwa zipu.

Viti vya mzee wetu havina jina kubwa namna hiyo. Ni kazi ya karakana isiyotajwa katika vitabu. Lakini ni kazi ya mikono ileile na wakati uleule, na watu wanaovijua viti vya wakati ule huvitafuta na kuvilipia.

Mwana mkubwa hakuyajua hayo, wala hatumlaumu kwa kutoyajua. Yeye aliona viti vikuukuu, kimoja kimevunjika, chumba ni kidogo, na kodi ya nyumba haingoji. Alimwita mfanyabiashara wa samani kuukuu, Muislamu mwenzetu. Mtu yule aliinama, akatazama chini ya viti, akasoma muhuri, akainuka. Kisha akasema kwa sauti ya nasaha: “Ndugu yangu, hivi ni vya Kizungu. Ngozi hii ni ya nguruwe. Haifai nyumbani mwa Muislamu, na hapo mama anaposalia palipo karibu navyo napo pana shaka. Nitakuondoshea vyote sita kwa shilingi 3,000.” Akatoa 1,000 ya kutangulizia, akasema atarudi na gari.

Mjane alipata fadhaa kubwa. Miaka hamsini amevikalia viti vile, amepakatia watoto juu yake, amevunjia saumu juu yake. Usiku ule alianza kuuliza kama sala zake zilikuwa sahihi. Bei ni jambo dogo mbele ya fadhaa ile, ndugu msomaji. Mzee wa kike analia juu ya sala zake za nusu karne kwa sababu ya neno lililosemwa ili kushusha bei!

Aliyeifungua kamba hiyo hakuwa sisi wala mwanachuoni yeyote. Alikuwa kijana fundi wa kuchomelea, mwenyeji wa Ruiru, wala si wa dini yetu. Mwana mkubwa alimwita autengeneze ule mguu uliovunjika kabla gari halijaja. Kijana akakipindua kiti, akakikagua, akasema hawezi kuchomelea juu ya kromi; ni lazima aisugue kwanza, kwa kuwa kromi ikiungua moshi wake ni sumu, na chuma huharibika rangi. Kisha akauliza viti vinakwenda wapi. Alipoambiwa vimeuzwa, na kwa nini, alicheka kidogo. Akamgeukia mjane.

“Shosho, nani amekwambia ni nguruwe?”

Akamwita dirishani penye mwanga, akamwonyesha ngozi. Mjomba wake, alisema, alifanya kazi kiwandani Thika, na yeye mwenyewe alikuwa akimsaidia kuchagua ngozi siku za likizo. Ngozi ya nguruwe ina vinyweleo vikubwa, na tundu zake hukaa tatu tatu, mfano wa mafiga. Ngozi ya ng'ombe tundu zake ni ndogo, zimebanana, na zimetawanyika bila mpango huo. Tena ngozi ya nguruwe huwa nyembamba, haiwambwi peke yake ikabeba mtu mzima miaka hamsini. “Hii ni ng'ombe, shosho. Na usiviuze bila kuuliza mtu mwingine. Mimi mwenyewe ningevinunua kwa bei hiyo leo hii, lakini si haki.”

Aliutengeneza mguu kwa shilingi 1,200, akaenda zake. Ndipo mjane akampigia simu binti yake, na binti akatupigia sisi.

Tulipofika tulianza na lile lililomsumbua mama, kwa kuwa ndilo zito. Tulimkumbusha kisa kilichopokewa katika Sahihi mbili: Mtume (s.a.w.) alimwona kondoo aliyekufa, ambaye alikuwa sadaka ya huria wa Bi Maymuna, akauliza kwa nini hawakunufaika na ngozi yake. Walipomjibu kuwa ni mzoga, aliwabainishia kwamba kilichoharamishwa ni kumla. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Imam Shafi wakasema kwamba ngozi ikidabighiwa, yaani ikatengenezwa mpaka ikaacha uvundo na kuoza, hutoharika, ila ya mbwa na ya nguruwe. Basi ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa Italia, hata kama ng'ombe yule hakuchinjwa kwa sharia, ni tohara kuikalia na kusalia karibu nayo. Na lau mtu hajui ni ngozi ya mnyama gani, asili ya vitu ni tohara, na yakini haiondolewi na shaka, sembuse shaka iliyoletwa na mwenye kutaka kununua. Mama akashusha pumzi. Akatukaribisha chai, na kwa mara ya kwanza tangu juma lile, tuliambiwa, akaketi kitini.

Kisha tukamgeukia mwana mkubwa. Ni mtu mwema, amtunzaye mamake, na hakukusudia kumdhulumu mtu. Tulimweleza mambo mawili.

La kwanza ni kwamba viti ni mirathi. Kila alichokuwa nacho marehemu hadi pumzi yake ya mwisho, baada ya mazishi, madeni na wasia, ni cha warithi wote. Aya ya 7 ya Sura An-Nisaa imewapa wanaume na wanawake fungu katika waliyoyaacha wazazi na jamaa, yawe machache au mengi. Haikuweka kiwango cha chini. Sufuria imo, saa ya ukutani imo, kiti kimo. Twasema “vyombo vya nyumba” kana kwamba nyumba ndiyo iliyovinunua. Vilinunuliwa na mtu, kwa mshahara wake, miezi mitano ya muhogo na dagaa.

La pili ni kwamba hakuweza kuuza. Mali ya warithi kabla ya kugawanywa ni ya shirika, na mshirika hauzi fungu la mwenziwe bila idhini yake. Mauzo yale hayakuwafunga mama, nduguye wala dada yake. Akairejesha ile 1,000 jioni hiyohiyo kwa simu.

Tulizungumza pia na yule mfanyabiashara. Alisema alisema alivyosikia. Tulimwambia kwamba mnunuzi kunyamazia anachokijua juu ya thamani ya kitu ni jambo ambalo wanazuoni wana maneno juu yake; lakini kusema uongo ili kitu kionekane duni hakuna maneno juu yake. Mtume wetu alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni na kukuta majimaji yaliyofichwa chini, alimkemea muuzaji na kumhesabu mdanganyifu kuwa si miongoni mwetu. Muuzaji aficha aibu iliyopo, na mnunuzi huyu alizua aibu isiyokuwapo. Wawili hao ni ndugu. Hakutujibu, nasi twamwombea heri.

Likabaki kugawanya. Hapa twamwomba msomaji awe na subira ya hesabu kidogo, kwa maana wengi hukimbia mirathi kwa kuogopa hesabu.

Tuliwaomba watu wawili wenye maduka ya samani kuukuu Nairobi wavitazame viti, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja alivithamini kwa shilingi 15,000 kila kimoja, wa pili kwa 17,000. Warithi wakaridhiana 16,000. Viti sita, basi, ni shilingi 96,000. Mjane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane. Kinachobaki ni cha watoto, mwanamume kwa mafungu mawili na mwanamke kwa fungu moja. Ukiigawa mali mafungu 40, mjane apata 5, kila mwana wa kiume 14, na binti 7. Kwa shilingi: mjane 12,000, kila mwana wa kiume 33,600, binti 16,800.

Kiti hakikatwi kwa msumeno. Lakini tazama ilivyokuja. Kila mwana wa kiume alipata thamani ya viti viwili, ikabaki shilingi 1,600. Binti alipata thamani ya kiti kimoja, ikabaki shilingi 800. Hivyo ni viti vitano. Cha sita thamani yake ni 16,000, na mama haki yake ni 12,000, zilipungua 4,000. Mabaki ya watoto watatu, ile 1,600 na 1,600 na 800, ndiyo hizo 4,000 kamili. Binti ndiye aliyeiona hesabu kabla yetu. Akasema katika simu, “Ustadh, ile 800 yangu ni ya mama.” Nduguze wakanyamaza kidogo, kisha wote wawili wakasema vivyo hivyo.

Sharia inaruhusu warithi, wakiwa watu wazima na wenye hiari, kuachiana na kupatana juu ya mafungu yao, madamu kila mmoja ameijua haki yake kwanza. Twakariri: ameijua kwanza. Mtu hawezi kusamehe haki aliyofichwa. Ukimwambia dada yako “tumesameheana” juu ya kitu ambacho hakutajiwa thamani yake, hajasamehe chochote.

Mama alichagua kile alichokuwa akikalia marehemu, ambacho ngozi yake imeingia ndani kidogo upande wa kulia. Watoto wakachagua vyao. Kisha ikatokea rai ya kuviacha vyote sita Mwiki, mezani kwa mama, maadamu yu hai. Wale wenye maduka walikuwa wamekwisha kusema kwamba viti vya namna hii vikiwa pamoja vina thamani kuliko vikitawanyika. Lakini binti alisema sababu yake ni nyingine: akija kumtembelea mama apate pa kukaa. Tuliandika karatasi, kila kiti na mwenyewe, tukashuhudisha imamu wa msikiti na jirani mmoja, kila mrithi akapewa nakala. Siku mama atakaporejea kwa Mola wake, na siku hiyo Mungu aiweke mbali, kitakachogawanywa tena ni kiti chake kimoja. Vitano vina wenyewe.

Sasa tuwageukie wasomaji wetu wa pwani, kwa kuwa habari hii si ya Mwiki peke yake. Katika nyumba za zamani za Lamu na Pate palikuwa na viti vya enzi, vya mpingo, vilivyonakshiwa kwa pembe na kusukwa kwa nyuzi, vyenye migongo mirefu na mahali pa kuwekea miguu. Havikuwa vya kulia chakula. Chakula kililiwa mkekani kwenye sinia. Vilikuwa vya heshima, hukalishwa mgeni mkubwa au bwana arusi. Leo waweza kuviona katika majumba ya makumbusho ya Lamu na Fort Jesus. Vingine vingi, pamoja na milango ya nakshi, vilitoka majumbani mwetu vikaenda mbali, na kila kimoja kilikuwa mali ya mtu, na mtu yule alikuwa na warithi. Je, wangapi kati ya mabibi zetu waliulizwa kabla havijatoka? Na huko Siyu, ambako mafundi wetu walisifika kwa kazi ya ngozi, vitu vyao vingapi vimetupwa na wajukuu kwa kudhaniwa takataka?

Basi nasaha zetu ni hizi. Akifa mzee katika nyumba yako, orodha ianze na vilivyomo ndani ya kuta nne kabla ya kufika shambani. Kila kitu kiandikwe, hata kile kinachoonekana hakina bei. Warithi wasiohudhuria, na hasa mabinti walioolewa mbali, wasomewe orodha hiyo kwa simu kabla chochote hakijahamishwa. Kitu msichokijua, ulizeni watu wawili wenye ujuzi, tena wasiotaka kukinunua. Mkihitilafiana, iko Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 170, imeipa mamlaka ya mirathi kwa Waislamu wanaoridhia kupeleka shauri lao huko. Na sisi tunaoitwa kugawa, tusifunge daftari kabla hatujauliza: “Na ndani ya nyumba mna nini?”

Swali hilo ni la maneno sita. Hatukuliuliza Malindi, na kwa kutoliuliza tulikaribia kumnyima binti haki yake, na kumwingiza kaka yake katika dhuluma asiyoijua. Tumemwomba binti radhi, naye ametupa. Tumerudi pia kwa familia nyingine tatu ambazo tuliwagawia mwaka huu, kuwauliza swali hilohilo. Katika moja kumepatikana cherehani na mkufu. Cherehani imekwisha kugawanywa. Mkufu bado unapimwa.

Kabla ya kuondoka Mwiki tulikula chakula cha jioni, wali wa nazi na samaki wa kupaka aliyeletwa na jirani. Kijana fundi alikuja kuutazama mguu alioutengeneza, mama akamshika mkono akamketisha. Chakula kilipotengwa tuliona amekalia kile cha mgeni.

Ulizo la msomaji mmoja juu ya utunzaji wa ngozi tutalijibu kwa maneno ya kijana huyo: ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, isiloweshwe, isianikwe juani, na isipakwe mafuta ya nazi kwa kuwa hushika vumbi. Chuma kilichotoka pwani kifutwe chini kwenye viungo, ambako chumvi hujificha.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu, amfanye mpana kaburi lake, na atujaalie sisi na nyinyi kufikisha amana kwa wenyewe, iwe shamba, iwe kiti.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshaallah.